Kijiko cha Kumwomba Radhi Diwani

Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Tulipohamia Chanika nyumba yetu ilikuwa na nondo madirishani lakini haina vioo, na kila alfajiri sauti ya mwanamke ilituingilia chumbani ikimsema mtu aitwaye Diwani.

"Diwani, simama vizuri! Diwani, jana tulikubaliana nini? Toa mguu kwenye ndoo, Diwani, nisije nikakuaibisha mbele za watu!"

Mume wangu ni fundi seremala kule Keko na hajazoea kuamshwa na siasa. Aliketi kitandani akaniuliza, "Hivi mheshimiwa anakaa nyuma ya nyumba yetu? Na mbona anasemwa vile halafu hajibu?"

Siku chache baadaye nilichungulia juu ya ukuta. Diwani alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ametulia anacheua, na aliyekuwa anamsema alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye kilemba kilichofungwa kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu aliyehamia? Karibu. Hapa kelele ni zangu tu, huyu mwenzangu hana neno." Kisha akanieleza jina la ng'ombe bila kuulizwa. "Kabla hajala anakulamba mkono kwa heshima zote. Akishashiba anakugeuzia makalio. Sasa wewe ungemwitaje?"

Mtaa mzima ulimwita Bibi Maziwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa lini na wapi hasa, sikuwahi kumuuliza. Alisema tu "kwetu bara" na mkono wake ukaelekea upande ambao, nikiangalia sawasawa, ulikuwa wa Kisarawe. Ninachotaka kukieleza ni namna alivyokuwa. Alikuwa mtu msafi kuliko wote niliowahi kuwajua katika kazi ya maziwa, na bado kuna mwaka ambapo usafi wake wote ulikaribia kuharibiwa na kijiko kimoja, na aliyekuwa hatarini ni mjukuu wake, akiwa bado tumboni kwa mama yake.

Nianze na chupa, maana yeye mwenyewe alianzia hapo. Wateja walikuja getini kwake asubuhi na chupa zao. Kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshaipokea chupa, amefungua kizibo, ameinusa.

"Hii ilikuwa na nini?"

"Maji tu, Bibi."

"Maji gani yananuka kitunguu? Nenda kaoshe kwa maji ya moto, uje."

Hakuwa na upendeleo. Siku moja nilimkuta mchungaji wa kanisa lake amesimama pale getini, suruali imenyooshwa vizuri, ana chupa mkononi. Bibi aliinusa, akamrudishia. "Mchungaji, wewe dhambi zangu unazijua zote. Na mimi leo nimeijua chupa yako." Mchungaji alicheka mpaka akashika geti, lakini alirudi nyumbani kuiosha.

Mwanawe wa pekee alikuwa anafanya kazi machinjioni, Vingunguti. Kijana mpole, mwenye mabega mapana, ambaye kwa mama yake alikuwa na umri wa miaka kumi siku zote. Akirudi kazini, sauti ilimpokea kabla hajafungua geti: "Vingunguti ibaki nje! Viatu hapo, shati hapo, maji yako haya!" Aliogeshwa na maneno kwanza, ndipo aende kuoga mwenyewe. Bandani hakukanyaga mpaka awe amebadili nguo. Ndoo za kukamulia zililala chali kwenye chanja, juani, midomo yake ikiwa wazi, na ole wake kuku aliyedhani ile ni sehemu ya kupumzikia.

Na maziwa mabichi hakuuza. Hilo lilimtofautisha na wauzaji wengi, na lilimletea maneno. Kuna watu wanaamini maziwa yakipita kwenye moto yanabaki maji meupe tu, nguvu yote imekwenda na mvuke.

"Bibi, mie nataka yale yenyewe, yenye nguvu," kijana mmoja wa bodaboda alimwambia.

"Nguvu ya kukukimbiza chooni? Hiyo nenda kaitafute kwingine."

Aliyachemsha kwenye sufuria kubwa, kwenye jiko la gesi, amesimama hapo hapo. Yainuke, ayashushe, yainuke tena. Hakukaa. Sidhani kama niliwahi kumwona amekaa kwenye kiti chenye mgongo.

Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, na kwa tabia siwezi kuona jambo zuri nisilieleze. Nilimfanya Bibi Maziwa kuwa mfano wangu darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba maziwa ni chakula kizuri, na uzuri wake ndio unaovuta wageni. Yakitoka kwenye kiwele yanapita njia ndefu: kuna ngozi ya chuchu yenye mavumbi, kuna mkia uliolala kwenye samadi, kuna mkono wa mkamuaji, kuna ndoo, kuna inzi. Kila kituo kinaweza kuongeza vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tena kuna magonjwa ambayo ng'ombe anayo mwilini mwake huku anakula vizuri na manyoya yanang'aa. Mkulima anashtuka tu siku ng'ombe anapotupa mimba. Binadamu akinywa maziwa ya ng'ombe huyo yakiwa mabichi, anapata homa inayokwenda na kurudi, viungo vinauma, jasho linamtoka, na mara nyingi anatibiwa malaria ambayo hana. Dawa ya yote hayo, kwa mtu wa kawaida mwenye jiko, ni kuchemsha. "Kama anavyofanya Bibi Maziwa," nilimalizia kila mara, na wanafunzi wa mtaani kwetu walikaa wima kwa fahari.

Kitu kingine kilichompa jina ni jibini. Alijifunza ujanani, alipokuwa jikoni kwa masista huko huko bara, na hakuna mwingine upande wetu aliyekuwa anaitengeneza. Ilikuwa jibini laini, nyeupe, ya kupaka kwenye chapati. Aliyachemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, akatia kijiko cha mtindi wa jana, akafunika mpaka kesho. Yakishaganda aliyafunga kwenye kitambaa cheupe, akakitundika yachuruzike. Mume wangu ndiye aliyemchongea kiango cha kutundikia, mninga safi, na kwa kazi hiyo alilipwa bakuli la jibini, akalitazama kama mtu aliyepewa sabuni.

"Mie mtoto wa pwani," alilalamika tulipofika nyumbani. "Maziwa ya kupaka kwa kisu siyajui."

Wiki hiyo hiyo nilimfumania anakomba bakuli kwa kipande cha chapati. Toka hapo ikawa tukiishiwa jibini yeye ndiye anayekumbuka kwamba ni muda mrefu hatujamsalimia jirani.

Mbegu ya mtindi, yaani ule mtindi wa jana wa kugandishia wa leo, ilikaa kwenye chupa pana ya kioo ndani ya friji, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliichukua kwa masista alipoondoka. Alihama nayo mkoa hadi mkoa, siku zote akiipa maziwa mapya ili isife. "Hii mbegu imenizidi kwa safari," alisema. "Mwanangu huyu ameikuta. Nyie mkiona chupa, mimi naona ukoo."

Alikuwa na vioja vyake. Mtu aliyeweza kumrudisha mchungaji getini alikuwa anaogopa sindano kiasi cha kujificha. Kuna siku wahudumu wa afya walipita mtaani na kisanduku chao cha chanjo, wala haikuwa ya watu wazima, na nikamkuta bandani nyuma ya Diwani amechuchumaa. "Nakagua kwato," alininong'oneza. Aliwakemea watu wenye kupoteza umeme mchana, na taa ya bandani kwake iliwaka siku nzima kwa sababu Diwani hapendi giza. Aliwacheka washirikina. Jirani mmoja alimfunga ng'ombe wake kitambaa chekundu kwenye pembe ili kuzuia husuda, na Bibi akasema kwa sauti ya kusikika nyumba zote, "Huyo ng'ombe hana majani. Amfungie majani."

Na kikombe chake mwenyewe cha asubuhi, kikombe cha bati kilichobonyea, alikinywa kibichi pale pale bandani, maziwa bado yana joto la ng'ombe. Nilipomwambia, alinijibu, "Mimi tumbo hili lilishazoea kabla ya gesi kufika." Nilimweleza mara nyingi. Alinisikiliza kwa adabu, akamaliza kikombe, akafuta mdomo.

Sasa nije kwa mkwe wake. Mwanawe alioa binti mmoja mtaratibu, mshona nguo, mwenye kicheko kinachochelewa kutoka kisha hakikomi. Waliishi nyumba hiyo hiyo, na mimi nimeona wakwe na mama wakwe wengi, lakini hawa wawili walipendana kweli, ingawa Bibi alionyesha mapenzi kwa kukemea. Binti alikuwa amewahi kubeba mimba, zisifike. Mtaani watu hawakulisema, nasi hatukulisema. Basi aliposhika mimba nyingine, na ikavuka ile miezi ambayo zilizotangulia ziliishia, Bibi Maziwa alibadilika. Akawa anaimba. Kila asubuhi alimpelekea mkwe wake kikombe cha maziwa na bakuli la jibini, akasimama mlangoni mpaka viishe.

"Kula. Huyo mtoto nataka atoke na mashavu."

"Mama, nimeshiba."

"Wewe umeshiba. Yeye je, umemuuliza?"

Jioni moja mkwe alinijia nyumbani, ameshika kiuno.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba nikuulize kitu, lakini usimwambie mama kwamba nimeuliza. Nesi kliniki ametuambia wajawazito tusinywe maziwa mabichi, na hizi jibini laini nazo tujihadhari. Mama anasema ya kwake yamechemka. Na ni kweli, namwonaga akichemsha. Niendelee au niache?"

Nilimweleza alichomaanisha nesi. Kuna vijidudu vinavyopenda jibini laini kwa sababu ina majimaji na haina ukali mwingi. Kibaya zaidi, havitulizwi na baridi. Ukiweka jibini kwenye friji unadhani umevilaza, kumbe vinaendelea kuongezeka polepole. Mtu wa kawaida anaweza kuvila akaharisha kidogo tu au asihisi kitu. Mjamzito mwenyewe anaweza kuona ni mafua ya kawaida, lakini vikimfikia mtoto tumboni vinaweza kumtoa. "Jibini ya maziwa yaliyochemka, ikashikwa kwa mikono safi, ni jambo jingine," nikamwambia. "Lakini kwa mimba hii tusikisie. Subiri nikaangalie anavyofanya toka mwanzo hadi mwisho. Kwa sasa mwambie tumbo linakataa."

Jumamosi nikaenda. Nilimwambia Bibi kwamba nataka kujifunza jibini, na ilikuwa kweli, maana mume wangu alikuwa ameanza kuwa gharama. Alifurahi. Alinivalisha aproni, akaninawisha mikono mara mbili, akanikagua kucha kama mwalimu wa zamu. Alichemsha. Yakainuka, akayashusha, yakainuka tena. Sikuwa na la kusema. Moyo wangu ukatulia. Tukayaacha yapoe. Tulipiga soga juu ya watoto wa siku hizi. Akagusa kwa kidole tone alilolidondosha kiganjani, akasema, "Vuguvugu. Sasa hivi."

Kisha akageuka kwenye ndoo ya kukamulia, ambamo alikuwa amebakiza maziwa mabichi kidogo chini kabisa. Akachota kijiko kimoja. Akakishika juu ya sufuria, midomo ikacheza kidogo, akakimimina ndani. Baada ya hapo ndipo akafungua ile chupa ya mbegu.

"Bibi," nikasema, "hicho cha kwanza kilikuwa nini?"

"Kipi?"

"Hicho kijiko cha maziwa mabichi."

"Aa, hicho!" Alikuwa anakoroga. "Hicho si cha jibini. Cha Diwani hicho."

Akanieleza kama mtu anayeeleza kwa nini anavua viatu mlangoni. Kwao, mama yake na bibi yake waliamini kwamba maziwa ni mwili wa ng'ombe. Ukiyaweka motoni, ng'ombe aliko anaungua kiwele, na asipoombwa radhi atakauka. Wengine kwa sababu hiyo hawakuchemsha kabisa. Mama yake alipata njia: chemsha, kisha rudisha kijiko kimoja cha maziwa ambayo hayajaonja moto, useme "tusamehe." Ng'ombe anajua hukumchoma yote.

"Unafanya kila siku?"

"Kila sufuria. Ya kuuza, ya mtindi, ya jibini. Yakishapoa. Ukiweka yakiwa ya moto, si utakuwa umemchoma tena?"

Nilifikiria chupa zote zilizonuswa getini, ndoo zilizoota jua, mchungaji aliyerudishwa. Nilifikiria bakuli la mkwe. Lakini ningesema kwa pupa ningempoteza. Bibi Maziwa hakuwa mtu wa kusukumwa. Nikamuuliza kitu anachokijua.

"Bibi, nisaidie mimi mwanafunzi. Sufuria hii nzima nikitaka igande iwe mtindi, naweka mbegu kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kijiko tu? Sufuria yote hii?"

"Mwalimu na wewe! Kinatosha. Kesho asubuhi ni mtindi mtupu, mpaka chini."

"Kwa nini kijiko kinatosha?"

"Kwa sababu kinazaana. Kina uhai kile. Kinakuta maziwa yametulia, vuguvugu, hakuna wa kukisumbua, basi kinaj..."

Hakumaliza. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Aliangalia ile ndoo, akaangalia kijiko cha kwanza pale mezani, kisha akaniangalia mimi.

"Kile kingine nacho kina uhai," akasema.

"Kikiwa na kitu, ndiyo. Ni kama viwanja vya hapa kwetu, Bibi. Ukishafyeka, ukang'oa visiki, ukaacha bila mlinzi, kesho unakuta mtu ameshachimba msingi. Moto umefyeka kila kitu. Anayeingia wa kwanza ndiye mwenye kiwanja."

"Kwa hiyo mimi miaka yote nafyeka, halafu namwingiza mvamizi kwa mkono wangu mwenyewe. Tena namwombea!" Alivua aproni. "Watu nimewalisha sumu, Mwalimu?"

"Hapana. Si kila ng'ombe anao ugonjwa, na mikono yako ni misafi kuliko ya wengi. Umekuwa na bahati, nao pia. Ila kwa mtoto huyu tusitegemee bahati."

Hakulia. Alitoka akaniacha jikoni, nikasikia akimwita mkwe wake kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hakufanyaga. "Jiandae. Kesho kutwa kliniki nakwenda na wewe, na nitamwambia nesi mimi mwenyewe ulichokula." Akaenda kweli. Aliingia jengo lenye sindano kwa miguu yake, akaeleza yote bila kujificha nyuma ya mtu. Binti akachukuliwa damu, wakamwangalia yeye na mtoto. Bibi alisimama kwenye korido ameshika mkoba wa mkwe wake kwa mikono miwili mpaka majibu yalipotoka. Wote salama.

Lakini nyumbani kulikuwa na mtihani mwingine, nao nilikuwa sijauona. Ile sufuria ya Jumamosi aliichimbia shimo. Kisha akatoa kwenye friji ile chupa ya kioo. Mbegu yenyewe ilikuwa imezaliwa na sufuria za kila siku, na kila sufuria ilikuwa na kijiko chake. Aliishika juu ya shimo kwa muda.

"Masista wote wale wameshafariki," akasema. "Hii ndiyo iliyobaki."

Sikumharakisha. Aliimwaga, akafukia kwa jembe, akaiosha chupa, akaichemsha. Mbegu mpya tulinunua dukani, pakiti ya mtindi wa kiwandani. Aliipokea kwa vidole viwili. "Mtindi usio na ukoo," akasema. "Haya, njoo, tukulee."

Kilichobaki ni Diwani. Asubuhi iliyofuata sikusikia sauti. Wateja walisimama getini na chupa zao zilizooshwa vizuri na geti halikufunguliwa. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa amekaa bandani, kwenye ndoo iliyogeuzwa, hajui afanye nini. Asipochemsha, anawahatarisha mkwe na mtaa. Akichemsha bila radhi, ng'ombe atakauka. Na alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu mwenye maziwa. Mimi ningeweza kumwambia kwamba moto wa jikoni haufiki kwenye kiwele. Nilimwambia, kwa kweli. Alinijibu kwa upole, "Najua, Mwalimu. Kichwa kinajua. Mkono ndio haujui."

Kesho yake alfajiri aligonga geti letu kwa nguvu, mume wangu akadhani ni moto.

"Mwalimu! Mtu ukimkosea, radhi unaiomba kwa nani?"

Nilikuwa bado na kanga ya kulalia. "Kwa uliyemkosea."

"Na hapa nani kakosewa?"

"Diwani."

"Sasa kwa nini maisha yangu yote nilikuwa naiomba sufuria?"

Akanivuta mpaka bandani. Alikuwa amekifunga kijiko kimoja uzi mwekundu kwenye mpini na kukitundika kwenye msumari juu ya hori. Akakamua, akachota kijiko kimoja kwenye ndoo, akakimimina pale pale kwenye majani, miguuni kwa Diwani. "Tusamehe," akasema. "Tunakwenda kukuchoma kidogo." Diwani akageuza makalio. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza toka Jumamosi. "Umeona? Ameridhika huyo."

Kijiko hicho hakikuvuka tena mlango wa jikoni.

Wateja nao aliwaambia mwenyewe. Angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua, lakini alisimama getini saa ambayo wote wapo. "Jamani, sikilizeni. Nilikuwa nachemsha maziwa yenu halafu natia mabichi kijiko, kwa mambo ya kwetu. Nilikosea. Sifanyi tena. Aliyeumwa tumbo anisamehe, na mwenye homa isiyoisha aende akapime, amwambie daktari alikunywa maziwa yangu. Na nyie mkifika nyumbani chemsheni tena kabla ya kunywa. Anayetaka kuhama, njia ile."

Watu waliangaliana. Mama mmoja aliondoka bila neno, na tulimwona amerudi mwezi uliofuata. Yule kijana wa bodaboda akasema, "Sasa Bibi, na mie uliyeninyima yenye nguvu, kumbe ulikuwa unanipa kijiko kijiko?" Geti zima likaangua kicheko, Bibi akampiga kwa kitambaa, biashara ikaendelea.

Mtoto alizaliwa wa kike, ana mashavu yaliyoagizwa. Siku aliyotoka hospitali, Bibi alimwosha, akambeba mpaka bandani, akamwonyesha ng'ombe. Nacho kikombe cha bati kiliacha maziwa mabichi, si kwa maelezo yangu, bali baadaye, mtoto alipoanza kutambaa na kutaka kila kilicho mkononi mwa bibi yake. Siku hizi kina chai.

Nimehamishiwa shule ya Kinondoni na sasa kufika Chanika ni safari ya kupangwa. Nilikwenda majuzi, mume wangu akanikumbusha nisisahau bakuli. Nyumba nyingi mpya zimejengwa, lakini sauti niliisikia toka barabarani.

"Diwani, sogea! Unazaa wewe au umekodi banda?"

Diwani alikuwa na tumbo kubwa, ameachishwa kukamuliwa, anasubiri kuzaa, hana tone. Mkwe alikuwa ndani na cherehani yake. Jikoni nilikuta sufuria na ndoo ya maziwa iliyoletwa kutoka kwa mfugaji mwingine, kwani Bibi hakutaka wateja wake wakose. Akachukua ndoo hiyo, akatoka nayo kuelekea bandani, mjukuu nyuma yake ameshika upindo wa gauni.

"Bibi, unakwenda wapi? Hayo si ya Diwani."

"Najua. Mwenyewe anakaa mbali, siwezi kumfikia." Alitungua kijiko chenye uzi mwekundu. "Ng'ombe ni ng'ombe. Watafikishiana salamu."

Akamimina kijiko kwenye majani, akasema neno lake. Mtoto, ambaye sasa anaongea kila kitu, alisema naye, "Tusamehe." Bibi alikuwa na ndoo mkono mmoja, nami nikaona nimsaidie. Nikanyoosha mkono nikichukue kijiko, nikakisuuze jikoni.

Mtoto alinizuia kwa kiganja kidogo, amenikunjia uso kama mtu aliyenusa chupa yenye kitunguu.

"Mwalimu, hicho hakiingii jikoni," akasema. "Hicho cha Diwani."

Bibi Maziwa aliitundika ndoo mkononi vizuri, akanitazama, kilemba kimenyooka.

"Haya," akasema. "Sasa wewe nenda kanawe, tukachemshe."